Utomvu kwenye Kitasa

Mwanza,
3 Machi 1991

Mpendwa mdogo wangu Mwanamisi,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, duka la vifaa linakwenda, na watoto wanakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na nimecheka mara zote mbili. Mwenye duka kukaa juu ya gunia nje ya duka lake mwenyewe, jua likipanda, akimngoja mtunza ghala atoke kanisani na funguo! Tangu shemeji Othman atangulie mbele ya haki, duka ni lako kwa jina tu. Mwenye duka hasa ni yule anayetembea na funguo kiunoni.

Basi dawa yake imefika. Dereva atakukabidhi boksi, ndani mna kitasa cha namba, shaba tupu. Kina vibonyezo kumi. Wewe unachagua vinne, unaviweka kama maelekezo yanavyosema, na ukivibonyeza hivyo vinne mlango unafunguka. Huna haja hata ya kukumbuka kipi kinatangulia. Anza popote, mradi viwe vile vile. Umeme hakitaki, kwa hiyo usiniambie habari za Karagwe kukaa gizani.

Sikiliza faida zake, maana hizi nawaambia wateja wangu kila siku. Ufunguo hupotea, namba haipotei. Ufunguo mtu huukandamiza kwenye sabuni, fundi akachonga mwingine, wewe umelala. Mfanyakazi akiondoka kwa ugomvi huna haja ya kumpekua, unabadilisha namba tu, naye anaondoka mikono mitupu. Wenye maghala hapa Mwanza wameanza kuvitia milangoni na hakuna aliyejuta. Na wewe hutajuta.

Nduguyo,
Shabani


Omurushaka, Karagwe,
20 Aprili 1991

Kaka Shabani,

Wa alaikum salaam. Kitasa kimetiwa. Watu walikuja kukitazama, kila mmoja akitaka abonyeze, mpaka nikawafukuza.

Mzee Telesfori Mbonimpa alinikabidhi funguo kwa mikono miwili. Unamkumbuka? Yule mrefu wa Bugomora, wazee wake walitoka Rwanda zamani, aliyekuwa na Othman tangu duka hili likiwa kibanda cha mabati. Alizifungua kiunoni taratibu, akasema, “Mama, zimenizoea.” Nikamwambia namba atakuwa nayo kichwani, haina uzito. Akacheka kidogo tu. Sasa namba tunaijua watu wawili, mimi na yeye. Asubuhi nafungua mimi, jioni anafunga yeye. Hata akienda kusali siku nzima, mimi naingia dukani kwangu kama malkia.

Najua utauliza kama nakula vizuri. Mwambie mama huko Pangani asiwe na wasiwasi. Deodatha wangu wa kazi bado yupo na wali ananipikia. Hao wenzangu wa huku na ndizi zao asubuhi, mchana na jioni, mimi nawatazama tu. Mikono yangu ni ya hina, kaka, si ya utomvu.

Mdogo wako,
Mwanamisi


Omurushaka,
29 Juni 1991

Telesfori,

Ulipokuwa Bugomora kwenye msiba wa mama yako, ghala langu limefunguliwa. Vitenge vipya, betri za redio na sukari havipo. Mlango haujavunjwa, kitasa hakina hata mkwaruzo. Aliyeingia aliijua namba.

Namba tulikuwa nayo wawili. Mimi sijiibii.

Nimelisema hili jana siku ya soko, nikiwa nimesimama mlangoni pangu, na balozi wa nyumba kumi alikuwapo akasikia. Kama si wewe, basi ni ndugu yako uliyempa namba. Usirudi kazini.

Mwanamisi Othman


Bugomora,
14 Julai 1991

Bibi Mwanamisi,

Nimepata barua yako. Nimeona haina salamu, wala haina pole ya msiba. Tangu uje Omurushaka ukiwa bibi arusi hujawahi kunipita bila shikamoo, hata siku tulizokosana.

Namba sikumpa mtu. Sikuitamka hata usingizini, nadhani. Mimi na wazee wangu tulipokewa katika nchi hii, na mtu aliyepokewa hujifunza kutogusa kisicho chake. Marehemu mzee Othman alilijua hilo, ndiyo sababu alinipa funguo mimi akawaacha ndugu zake.

Kwa kuwa nasema kweli, niiseme yote. Kuna jambo moja nililifanya bila kukuambia. Kila jioni nikishafunga, nilikifuta kile kitasa kwa kitambaa na majivu, kibonyezo kwa kibonyezo. Sababu yake siiandiki. Wewe mwenyewe unaijua, waitu, mama yangu.

Habari za soko zimefika Kihanga kabla ya barua yako kufika kwangu. Sebahire alikuwa alete pombe ya posa, kijana wake Karekezi amwoe binti yangu Uwimbabazi. Ametuma mtu kusema wangoje. Nikauliza wangoje nini? Mtoto tangu siku hiyo hatoki ndani.

Sikuombi kazi. Naomba urudi pale mlangoni ulipolitamka jina langu, ulitamke vizuri.

Telesfori Mbonimpa


Omurushaka,
25 Julai 1991

Kaka Shabani,

Ya Telesfori nilikuandikia. Sasa sikia: amekiri! Kwa mkono wake mwenyewe ameandika kwamba kila jioni alikuwa akikifuta kitasa kwa majivu kwa siri, na sababu hataki kuisema. Mtu hafuti mahali ila amepachafua. Bila shaka alifuta alama za vidole vya hao ndugu zake aliokuwa akiwafundisha kufungua.

Na bado ananikumbusha shikamoo! Anataka nisimame mbele ya soko zima nimsafishe, eti posa ya binti yake imesimama. Mimi nimeibiwa, halafu nibebe na harusi yao?

Namba nimebadilisha. Nilijifungia ghalani na bisibisi, nikafuata maelekezo yako, na kitasa chote nikakisugua kwa sabuni mpaka kikang’aa. Namba mpya naijua mimi peke yangu na Mungu. Ulisema kweli: ingekuwa ni funguo sasa ningekuwa nahangaika kubadilisha makufuli yote.

Usiku nalala vizuri. Yaani, karibu vizuri.

Mwanamisi


Mwanza,
8 Agosti 1991

Mdogo wangu,

Umeona? Hiyo ndiyo faida yenyewe. Kisa chako nawasimulia wateja, jina silitaji. Juzi mwenye ghala la dagaa amenunua viwili baada ya kukisikia.

Telesfori amenisikitisha, nilimdhani mtu. Lakini usimwonee huruma sana, huruma imefilisi maduka mengi kuliko wezi.

Shabani


Omurushaka,
1 Septemba 1991

Kaka yangu,

Nimeibiwa tena.

Mlango mzima, kitasa kizima. Safari hii namba niliijua mimi peke yangu. Nimekaa na neno hilo siku nzima, nikilizungusha huku na huku, nikitafuta mtu wa kumpa lawama, nisimwone.

Sikupiga kelele. Niliogopa watu wataniuliza swali ninalojiuliza mwenyewe. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya mlango wangu, nikakitazama kitasa bila kukigusa, nikiwaza ile barua ya Telesfori na majivu yake. Wewe mwenyewe unaijua, alisema. Nikatazama. Vibonyezo sita vilikuwa vinang’aa, vya njano, vizuri. Vinne vilikuwa vyeusi, vimeshika vumbi, vinanata. Vile vinne vyangu. Na kwa kuwa kitasa chako hakijali kipi kinatangulia, hata asiyejua kuhesabu angefungua.

Kaka, sasa nakuambia nililokuficha. Deodatha hayupo. Aliondoka tangu kabla ya mwaka mpya kwa sababu nilishindwa kumlipa. Wali sijaula tangu Idi. Ninakula ndizi. Ninazimenya mwenyewe kila alfajiri jikoni, nimefunga dirisha, mimi niliyewacheka wanawake wa hapa kwa miaka yote hii. Utomvu haunitoki. Naosha kwa sabuni, nasugua kwa mchanga, vidole vinabaki vyeusi na kunata, basi napaka hina juu yake ili isionekane. Halafu natoka kama malkia, naenda kufungua duka langu kwa vidole hivyo hivyo.

Telesfori aliviona. Kila jioni alifuta utomvu wangu ili watu wasijue kwamba mama mwenye duka anamenya ndizi. Alikuwa anasitiri aibu yangu kwa majivu. Alipokwenda kumzika mama yake hakukuwa na wa kufuta, na mtu akayasoma yaliyoandikwa na vidole vyangu. Namba nimeitoa mimi. Nimemfukuza aliyekuwa akiificha, nami hata pole ya mama yake sijampa.

Natamani ardhi ipasuke. Nifanye nini?

Mwanamisi


Mwanza,
15 Septemba 1991

Mwanamisi,

Kwanza, mbona hukuniambia? Nimetuma mchele kwa dereva. Mama sitamwambia.

Pili, tulia. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini si lazima uwaite watu waje kutazama tope. Mwandikie mzee barua nzuri, umfungie na kanga na sukari, umwombe radhi, mambo yaishe kimya kimya. Wazee wanapenda heshima. Kwenda kusimama sokoni na kusema kwamba umefilisika, kwamba unakula ndizi kwa kujificha, na kwamba umemsingizia mtu, hapana. Utafanya biashara na nani baada ya hapo? Na jina la Othman je?

Tatu, nakuomba, usikilaumu kitasa. Nina boksi zima dukani halijauzwa. Kitasa hakina kosa. Kifutwe kila siku, basi.

Kakako,
Shabani


Omurushaka,
28 Septemba 1991

Kwa Mzee Telesfori Mbonimpa,

Shikamoo.

Pole sana kwa msiba wa mama. Nimechelewa kukupa pole hii na najua nimechelewa.

Nimeijua sababu ya majivu. Nimeibiwa mara ya pili, namba nikiwa nayo peke yangu, ndipo nikaona mlangoni kile ulichokuwa ukikiona wewe kila jioni. Hukuniibia. Hukumwambia mtu. Nilikukosea, mzee wangu, na ninapoandika haya sioni pa kuweka uso.

Pokea kanga hizi za mkeo, mama Therese, na sukari kidogo. Kazi yako ipo, rudi siku yoyote. Naomba tu haya yabaki kati yetu wawili. Unajua hali yangu, umeisitiri siku zote. Nisitiri na hii.

Ni mimi,
Mwanamisi


Bugomora,
13 Oktoba 1991

Bibi Mwanamisi,

Mwenye kuleta barua hii amebeba pia kanga na sukari. Therese amezifunga vizuri, hakuna iliyokunjuliwa. Usione tumekudharau. Kanga ni nzuri.

Jina langu halikupotea ndani ya bahasha, kwa hiyo haliwezi kurudi ndani ya bahasha. Ulilisema mlangoni siku ya soko, watu wakaenda nalo Kihanga, Kanoni, mpaka huku kwetu. Juzi mtoto wa jirani aliingia kumkamata kuku wake uani kwangu, mama yake akamwita: toka humo, watasema umejifunza. Sasa nikimwonyesha barua yako atasema nimeiandika mwenyewe. Na wewe unaniomba hata nisiionyeshe.

Kuhusu kusitiri. Auleria anayeuza karanga pale sokoni aliwahi kuniuliza, vidole vya mama mwenye duka vina nini? Nikamjibu ni hina ya pwani, wanaipika mpaka inakuwa nyeusi. Nilisema uongo ule bila kuungama, kwa sababu niliona si dhambi. Mtu akianguka hali yake, wa nyumbani mwake humfunika. Nilidhani mimi ni wa nyumbani mwako.

Nimekusitiri nilipoweza, waitu. Safari hii nguo ni moja. Nikikufunika wewe, binti yangu anabaki uchi.

Sebahire amesema Karekezi atatafutiwa kwingine baada ya Noeli.

Shikamoo yako nimeiona. Nitaijibu siku nyingine.

Telesfori Mbonimpa


Mwanza,
10 Novemba 1991

Mwanamisi,

Nimepata habari mbaya kutoka kwa dereva wa lori la kahawa, naye aliisimulia hapa dukani kwangu mbele ya wateja, akicheka, hajui kuwa ni dada yangu. Anasema kuna mwanamke wa pwani hapo Omurushaka amepatwa na wazimu. Siku ya soko katoa mkungu mzima barazani, kakaa chini kama hana watu, anamenya ndizi mbele ya umati, halafu anakimbilia mlango wake mwenyewe kuubonyeza na kuwaita watu waone. Wanawake wanapiga vigelegele vya kejeli. Mzee mmoja wa Kihanga kaitwa na kushikwa mkono akitazamishwa kitasa.

Niambie si wewe. Kama ni wewe, niambie unaumwa, nije nikuchukue. Mwanamke wa kwetu kumenya ndizi barabarani! Niliinama chini ya meza nikajifanya natafuta misumari.

Jibu upesi.

Shabani


Omurushaka,
24 Novemba 1991

Kaka Shabani,

Ni mimi, na siumwi.

Nilimwita Sebahire kutoka Kihanga, nikamwita na balozi, yule yule aliyesikia mara ya kwanza. Wengine walikuja wenyewe, maana nilipoutoa mkungu nje soko lote lilisogea. Nikakaa pale pale nilipokuwa nimesimama mwezi wa sita. Nikaanza kumenya. Kisu kikanikata kidogo. Auleria ndiye aliyecheka wa kwanza, akasema, “Tazameni, hata mafuta hakupaka!” Ndipo nikajua, kaka. Watu wa hapa wote, hata mtoto mdogo, hupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, na utomvu haumshiki mtu. Mimi nimekaa nao umri wote huu bila kujua jambo hilo dogo, kwa sababu nilikuwa najifungia dirisha na sikumwuliza mtu.

Nikainuka, na kwa vidole vile vile nikabonyeza mlango mbele yao, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha nikamwambia Sebahire asogee. Nikamwambia, baba, nisomee namba yangu. Akavisoma vinne vyote, naye si mtu wa kusoma.

Nikasema: namba ya ghala hili aliitoa Mwanamisi. Telesfori Mbonimpa alikuwa akiifuta kila jioni ili mimi nisiaibike, nami nikamwita mwizi nikiwa nimesimama hapa. Nikasema sina mfanyakazi wa nyumbani, sina wali, na hii si hina. Yote niliyasema. Pale pa msiba wa mama yake nilirudia mara mbili, wa nyuma wasikie.

Wakacheka. Wengine walicheka kwa uchungu wa yale niliyowahi kuwaambia juu ya ndizi zao, na ni haki yao. Niliona aibu, kaka, aibu ya kweli. Hata sasa nikipita sokoni naisikia nyuma yangu. Usinitafutie maneno ya kuipunguza. Ninapoikumbuka sura ya binti wa Telesfori, ambaye alikuwa akija dukani kunisalimia kwa kupiga magoti, naona hata haijatosha.

Aliyeniibia wananiuliza ni nani. Kuna ninayemdhania, alikuwa akikaa barazani kila siku na sasa haonekani. Simtaji. Nimekwisha kuonja kumtaja mtu.

Kitasa chako kizima, kiko mlangoni, na faida zake zote ulizosema ni kweli. Namba nimebadilisha. Nafuta kwa majivu mwenyewe kila jioni. Wauzie watu bila hofu, ila waambie: mlango usiotaka ufunguo unataka mkono safi.

Jibu la Telesfori sijalipata. Huenda lisije. Kila lori la Bugomora likisimama ninatoka nje.

Mdogo wako,
Mwanamisi


Bugomora,
5 Januari 1992

Mama Mwanamisi,

Salamu kutoka kwetu sote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka niandike nikiwa na jambo la kuandika.

Sebahire alikuja mwenyewe. Hakutuma mtu. Aliingia uani na mitungi ya pombe na wanawe, na kabla ya kukaa alisema mbele ya majirani wote, “Nimekisoma kile kitasa kwa macho yangu.” Therese akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu, tukatafuna pamoja. Uwimbabazi alitoka nje kusalimia. Sikuwa nimemwona juani muda mrefu.

Kazini sirudi. Naona nikuambie wazi ili usiniwekee nafasi. Sina kinyongo, lakini nikisimama tena kwenye mlango ule nitakuwa natazama mikono ya watu, nami sikuwa mtu wa namna hiyo. Mtafute mwingine, na umwamini.

Harusi ni mwezi ujao, kabla ya Kwaresima. Siku ya kuamkia harusi wanawake watakusanyika hapa kumenya ebitoke, ndizi za kupikia wageni, na ni nyingi. Wamesikia habari zako, hakuna asiyezisikia. Wameuliza kama yule mama wa Omurushaka atakuja. Watakucheka, sikufichi. Njoo na kisu chako. Mafuta ya mikono Therese atakupaka mwenyewe.

Ile shikamoo yako ya mwezi wa tisa nilikuwa sijaijibu.

Marahaba.

Telesfori Mbonimpa